Kasoro Nilizozitaja na Ile Niliyoinyamazia

Mwanangu, iko Ijumaa moja ya mwaka wa 2012 ambayo kila nikiikumbuka najikuta nimeinamisha kichwa, hata nikiwa peke yangu. Sogea karibu nikusimulie, na hiyo simu itie mfukoni kwanza, haitakimbia. Najua mnaniita mzee kwa utani kwa sababu mvi zangu bado ni za kuhesabika. Iteni tu. Nina jambo la kizee la kuwaambia.

Wakati huo nilikuwa fundi wa kompyuta katika duka la Mzee Dahir, hapa hapa Lodwar. Mzee Dahir alikuwa Msomali aliyeanza kwa kuuza sukari na mashuka, akaishia kuuza simu na laptop. Mimi nilikuwa kijana wa Kalokol, mtoto wa wavuvi. Nilisomea ufundi Kitale miezi sita tu nikarudi najiona profesa, bisibisi imechomekwa sikioni kama kalamu ya karani. Kazi yangu ilikuwa kufufua laptop kuukuu zilizotupwa na maofisi: kutoa vumbi, kubadilisha feni, kutafuta betri yenye uhai.

Katika duka lile kulikuwa na sharti moja. Kabla mteja hajauliza bei, umtajie kasoro za kitu anachokitaka, zote, bila kubakisha. Mzee Dahir alisema dini yake inamtaka hivyo, kwamba mnunuzi ana haki ya kujua ubovu wa kitu kama alivyo na haki ya kurudishiwa chenji. Mimi nililicheka sharti hilo chini kwa chini. Nani anauza mbuzi huku akisema huyu anakohoa? Lakini mshahara ulikuwa wake, kwa hivyo nilitii.

Sasa sikiliza vizuri. Mwezi ule kulikuwa na laptop moja nzee, nyeusi, nene, nzito kama tofali. Ililetwa ikiwa maiti. Niliihangaikia wiki mbili: feni nikaibadilisha, kumbukumbu nikaiongeza, betri nikaitoa kwenye nyingine iliyovunjika skrini. Ilipoamka, wallahi, ilinguruma vizuri hadi nikaipenda. Unaweza kuiwasha saa nane mchana chini ya mabati ikakaa hadi jioni bila kutikisika. Mzee Dahir aliniona ninavyoipangusa kila asubuhi, akacheka, akaniambia isipouzika mpaka mwisho wa mwezi niichukue, iwe yangu. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Kando yake kulikuwa na laptop mpya ya boksi, nyembamba, rangi ya fedha, bado ina karatasi ya nailoni kwenye skrini. Jumanne ya wiki ile niliiwasha kuijaribu. Baada ya muda kidogo ikazima yenyewe. Nikaiacha ipoe, nikaiwasha tena, ikazima tena. Nikajiambia ni stima ya Lodwar. Lakini mwanangu, mashine ilikuwa inatumia betri, haikuchomekwa mahali popote. Nilijua, na nikairudisha kwenye boksi, sikumwambia mtu.

Ijumaa ikafika. Mzee Dahir akafunga mlango akaenda msikitini. Mimi Mkristo nikabaki ndani kwenye meza yangu ya ufundi. Nikasikia hodi ya haraka haraka. Nikafungua, nikamwona msichana mrefu wa Sudan Kusini, vumbi la barabara hadi kwenye nyusi. Jina lake Nyandeng, anaishi Kakuma kambini na mama yake. Lori lililomleta lilikuwa linarudi sasa hivi, dereva ashaanza kupiga honi kule stendi.

Alisema kesho yake saa saba mchana kuna mtihani wa kuingia chuo, unafanywa kwa kompyuta katika kituo cha masomo kambini. Kituo kina mashine chache, wakaambiwa mwenye uwezo aje na yake. Mtihani ukishafunguliwa haufunguliwi mara ya pili. Nafasi zenyewe ni mbili, na wanaolipiwa karo ni hao wawili tu. Wenzake wa kwaya ya kanisa walikuwa wamemchangia. Alieleza haya yote kwa pumzi moja, huku anatazama mlangoni.

Nikaweka laptop mbili mezani. Nikaanza na ile nzee, na nikatii sharti la duka kuliko siku nyingine yoyote. Nikamwambia bawaba ya kushoto imelegea. Nikamwambia betri yake si yake, imetoka kwenye nyingine. Nikamwambia ni nzito, ni ya zamani, herufi moja imefutika, na ilikuja hapa ikiwa imekufa. Kila neno lilikuwa kweli tupu! Kisha nikaifungua ile mpya, nikabandua nailoni taratibu mbele ya macho yake, nikanyamaza.

Akatazama hii, akatazama ile. Honi ikalia tena. Akanishika mkono, akaniuliza, "Kaka, mimi sijui hizi vitu. Kama ni wewe, ungechukua gani?"

Mwanangu, swali kama hilo si swali la biashara. Mtu akikuuliza hivyo amevua macho yake akakupa wewe umtazamie. Ilikuwa amana. Nami nilikuwa na jibu, jibu nilikuwa nimelala nalo na kuamka nalo mwezi mzima.

Nikasema, "Mpya, dada. Mpya ni mpya."

Akalipa, akaandika jina na namba ya simu kwenye risiti, akaondoka mbio na boksi kifuani. Mimi nikaifunika ile nzee kwa kitambaa, nikapiga mluzi.

Mzee Dahir aliporudi alifurahi kusikia mpya imeuzwa. Akavua kofia, akaketi, akaniuliza kama kawaida yake nimemtajia mteja kasoro. Nikasema nimemtajia. Akauliza zipi. Nikaanza kuhesabu: bawaba, betri, uzito. Akainua mkono.

"Hizo ni za ile nyeusi," akasema. "Ameenda na nyeusi?"

Nikainama kupanga bisibisi mezani. Yule mzee hakujua hata kuwasha kompyuta, lakini alikuwa ameuza vitu tangu kabla sijazaliwa. Aliutazama uso wangu, akaitazama ile mashine iliyofunikwa kama mtoto aliyelala, akaelewa yote. Nikamweleza mwenyewe kuhusu Jumanne. Nilidhani atanipiga. Ningependa angenipiga.

"Ekal," akaniambia polepole, "umesema kweli nyingi ili uongo mmoja upate njia ya kupita. Mwizi anayevunja mlango afadhali. Wewe umeingia kwa ufunguo wangu."

Tukapiga ile namba. Imezimwa. Tukapiga tena na tena hadi jioni, imezimwa. Kambini watu walichaji simu kwa zamu wakati ule. Mzee Dahir akanitafutia lori la vitunguu la kwenda Lokichoggio kwa njia ya Kakuma, litakaloondoka alfajiri. Akaniambia niipeleke nyeusi, nimpe na pesa zake zote, na nimweleze kwa mdomo wangu kwa nini.

Majuto ni mjukuu, huja kinyume, nasi tulikuwa tumechelewa kabla hata ya kuondoka. Jumamosi saa kumi na mbili nilikuwa juu ya magunia, laptop imefungwa kwa nailoni na shuka. Tukafika kwenye kizuizi cha barabarani tukaambiwa tungoje gari la polisi la kutusindikiza, kwa sababu siku chache kabla majambazi walikuwa wameonekana barabarani. Tukangoja hadi saa mbili. Barabara yenyewe ilikuwa mashimo matupu, lori likienda kama mama mjamzito. Kila shimo natazama saa.

Saa tano tukasimama. Mbele yetu laga, ule mto wa mchanga unaopata maji wakati wa mvua tu, lilikuwa limejaa. Juu yetu jua kali, hakuna hata wingu la ukubwa wa shuka, lakini mvua ilikuwa imenyesha mbali milimani na maji yameshuka, mekundu, yanabeba matawi na mzoga wa mbuzi. Dereva akazima injini, akatandika mkeka chini ya lori akalala. Kwake ilikuwa siku ya kawaida tu.

Pale ukingoni kulikuwa na mama mmoja mchunga mbuzi. Nikamwamkia, "Ejok," akaitikia, akaniuliza nakimbilia nini. Nikamwambia kuna msichana ng'ambo nimemkosea. Hakuuliza zaidi. Alikuwa amechomeka kijiti pale maji yanapoishia, akanionyesha. Maji yakikifuata kijiti, kaa. Yakikiacha, ngoja kidogo, ndipo uvuke. Tukakitazama kijiti kile, mimi na yeye. Maji yakakifunika. Nikamsihi Mungu kama mtu aliyeumwa na nyoka. Yakakifunika zaidi, yakasimama, na mwishowe, baada ya muda uliokuwa kama mwaka, yakaanza kurudi nyuma. Saa sita na nusu mama akachomeka fimbo yake ndani ya maji, akaniashiria kwa kichwa kwamba sasa, nimfuate nyuma. Nikavuka na laptop kichwani, maji kifuani, mawe yakiteleza chini ya miguu. Sikuogopa kufa. Niliogopa saa.

Ng'ambo nikapata boda boda. Nilimpigia kelele yule dereva hadi akakasirika, akaniambia kama nina haraka nishuke nikimbie. Tukafika kituoni saa saba na dakika kumi na tano. Mlango umefungwa. Askari wa mlangoni akasema mtihani umeanza, haingii mtu. Nikamwonyesha mashine, nikamsihi, nikapiga magoti, naona haya kukwambia lakini nilipiga magoti. Akaniambia kwa upole kwamba hata angeniruhusu isingesaidia, ukurasa umeshafunguliwa kwenye laptop yake na haufunguki kwingine.

Nikazunguka hadi dirishani. Ukumbi wa mabati, joto linatoka ndani kama la jiko la mkaa. Nikamwona Nyandeng mstari wa pili, mgongo umenyooka, vidole vinakimbia. Mashine bado inawaka! Basi nikaanza kuiombea. Mimi fundi, nikaiombea mashine niliyojua ni mbovu, ee Mungu iache iende leo tu, saa mbili tu. Dakika kumi zikapita. Ishirini. Alikuwa anatabasamu kidogo, nadhani alifika kwenye swali alilolijua. Nikaanza kuamini.

Skrini ikawa nyeusi.

Alibonyeza kitufe. Akangoja, akabonyeza tena. Akaigeuza, akaipepea kwa karatasi. Akainua mkono. Msimamizi akaja, akainama, wakazungumza, na nikamwona msimamizi anatikisa kichwa kwa huzuni. Nyandeng akakaa vile vile mikono mapajani kwa muda mrefu, wenzake wanaandika.

Alipotoka akaniona, nimelowa tope hadi shingoni, laptop nyeusi mikononi. Uso wake ukafunguka. Akadhani nimesikia kwamba mashine ina shida, nikaja kumwokoa. Akasema, "Kaka, umetoka Lodwar sababu yangu? Mungu akubariki!" Mwanangu, ningeweza kunyamaza. Ningebaki shujaa kwake maisha yangu yote, hakuna ambaye angemwambia. Nilitamani. Nakwambia kweli, hata pale, na tope lile mwilini, nilitamani kunyamaza.

Nikamwambia. Jumanne, nailoni, siku nne zilizobaki, yote. Nikamwambia kwamba ile nzee nilikuwa naitaka mwenyewe.

Hakupiga kelele. Alinitazama akasema, "Ungeniambia tu unaitaka. Mimi ningejua ndiyo nzuri."

Akaichukua nyeusi kwa sababu nilimlazimisha, akachukua na pesa za kwaya, akaenda zake kwa mama yake. Mwaka uliofuata mtihani haukufanyika. Katikati ya 2013 alinipigia simu mara moja kunijulisha kwamba wanarudi kwao, amepata kazi ya kufundisha watoto, na ile mashine bado inafanya kazi. Alisema hivyo ili nifurahi. Mwisho wa mwaka tukasikia vita vimeanza kule. Nimeipigia namba yake hadi leo siipati. Kama angefaulu siku ile, angekuwa chuoni wakati huo, mbali na bunduki. Hilo ndilo ninalolala nalo.

Basi nasaha yangu ni hii. Leo mama zenu na shangazi zenu wanawauliza nyinyi: simu ipi, laptop ipi, kuukuu au mpya. Msidhani ukuukuu ni ubovu, wala upya ni uzima. Kitu huulizwa kazi, hakiulizwi umri. Kijaribu kwenye joto lile lile kitakapotumika, kwa muda ule ule. Lakini zaidi ya hapo, mtu akikuuliza wewe ungechukua ipi, mwambie ile ambayo kweli ungeichukua, hata kama ni ile uliyonayo mkononi na hutaki kuiachia. Kama unaitaka, sema unaitaka. Na usijisifu kwamba hukusema uongo. Mimi pia sikuwa nimesema uongo, isipokuwa neno moja, na hilo moja lilitosha kuzamisha maisha ya mtu.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kazi na ulimi mzito wa hila. Watu wakuamini, na usiwahi kuwasaliti. Na popote alipo Nyandeng, awe hai, awe na watoto mbele yake darasani, na asiwe ananikumbuka.