Waya Nilioufunga kwenye Bomba la Mama Aloyce

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, siyo siku ya ajali yenyewe. Ni Jumapili moja ya kawaida kule Uru mlimani, tumetoka misa, watu wanasalimiana kwenye ngazi za kanisa, na mama mmoja mzee akanivuta shati akaniambia koki ya jikoni kwake inamuuma vidole. Nilicheka. Naanza na kicheko hicho kwa sababu mengine yote naweza kuyatetea kidogo, ila hicho siwezi.

Mimi ni fundi umeme. Shule niliishia darasa la saba, na haya nayaandika kwenye daftari kwa kufutafuta, hivyo ukikuta nimerudia jambo unisamehe. Sina hakika hata kama mimi ndiye mtu wa kumshauri mwingine. Lakini wewe unaanza kushika plaizi, na sitaki ujifunze haya kwa njia niliyojifunzia mimi.

Mama huyo tulimwita Mama Aloyce. Alikuwa mjane, akiishi peke yake kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, kahawa na migomba hadi mlangoni. Mwanawe Aloyce alikuwa mfanyabiashara Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ile bidhaa zilipoanza kuingia kwa wingi, vitu tulivyovisikia tu tukaanza kuvikuta madukani Moshi mjini, na vingine vikipita mpakani Tarakea. Aloyce akampakilia mama yake hita ya maji kwenye basi, na ujumbe ukanifikia kwamba mama apate maji ya moto kabla ya Krismasi.

Unaijua Krismasi yetu. Watoto wote wanapanda mlimani, na nyumba isiyokuwa tayari ni aibu kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili fundi mmoja anagombaniwa na nyumba saba, na kila nyumba inasema ni ya kwanza.

Hita niliifunga vizuri. Kilichobaki kilikuwa waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliotoroka njia yake ili fyuzi ikatike kabla mtu hajaguswa. Waya huo hufungwa kwenye nondo ndefu iliyopigwa chini mpaka izame. Nilipiga mahali patatu katikati ya kahawa, na mahali pote patatu nikakutana na jiwe. Mlima wetu ni mawe, unaujua. Basi nikaufunga waya kwenye bomba la maji lililokuwa ukutani. Lilikuwa bomba la chuma, limefukiwa kukatiza kihamba chote mpaka njiani.

Nisijionee mno. Wakati ule mafundi wengi tulifanya hivyo, na aliyenifundisha kazi alifanya hivyo. Tena chuma kikiwa ndani ya udongo kinafanya kazi. Nilipima, pakawa pazuri. Nikamwambia mama nitarudi Januari na nondo nyingine nitafute mahali laini. Januari ikapita, nikawa na kazi Marangu, na taa za nyumba zikawa zinawaka, basi.

Mwaka na kitu baadaye bomba lile likaoza kwa kutu. Akaitwa Severini, fundi bomba, rafiki yangu, mtu mwenye maneno mengi na mikono safi ya kazi. Mabomba meusi ya plastiki yalikuwa yameshaanza kuuzwa kwa roli, hayashiki kutu, yanapinda utakavyo. Severini akachimba mtaro, akang'oa chuma chote, akalaza plastiki mpaka ukutani mwa nyumba. Ndani akaacha mabomba na koki za zamani.

Siku hiyo nilikuwa napita, nikaingia kumsalimu. Alikuwa amepiga magoti, kashika waya wangu.

"Mangi, huu mkia wako nauweka wapi?"

"Urudishe hapohapo kwenye kipande kilichobaki."

"Hauna neno? Nisije nikaunguza watu wa Mungu."

"Wewe shughulika na maji, umeme niachie mimi."

Akacheka, akaurudisha, akaukaza vizuri kuliko mimi nilivyoukaza. Plastiki niliiona kwa macho yangu, imelala mtaroni pale. Nimejiuliza miaka mingi kama nilielewa nilichokiona. Nikijibu kwa haki, naona nusu yangu ilielewa, na nusu nyingine ilikuwa na haraka ya kufika kazi ya jirani. Plastiki haipitishi umeme, hivyo kuanzia siku ile waya wa ethi wa nyumba ile haukwenda ardhini. Ulikwenda kwenye koki.

Ndipo ikaja ile Jumapili. Hita ilikuwa imeanza kuchoka ndani na kuvujisha umeme kidogokidogo, hilo nililijua baadaye. Mama akaniambia, "Baba, ile koki inaniuma, kama siafu." Nikacheka, nikamwambia ni unyevu wa sakafu tu, avae kandambili, nitapita wiki hiyo. Alinishukuru. Wiki hiyo sikupita, wala iliyofuata.

Mwezi wa saba, baridi kali, aliwasha hita aoshe vyombo. Jirani alimkuta sakafuni jikoni. Hakufa. Lakini mkono wa kulia uliungua kiganjani, na vidole vikakunjika vikakataa kunyooka. Alilazwa hospitali ya Mawenzi wiki kadhaa. Tangu hapo hakuweza kumenya ndizi wala kuchuma kahawa, na rozari aliishika kwa mkono wa kushoto.

Watu wakauliza nani wa mwisho kugusa kitu pale. Wa mwisho alikuwa Severini. Na ni kweli aling'oa chuma akaweka plastiki, na ni kweli koki ndiyo iliyompiga mama. Nani angejua zaidi ya hapo? Mimi. Nilikwenda nikazima mein swichi, nikafungua hita, nikaona ubovu wake, nikaona waya wangu. Shemeji yake mama aliposema mbele yangu kwamba yule wa bomba ameua mkono wa mtu, nilikuwa nakunja waya. Niliendelea kukunja.

Severini alijaribu kusema kwamba aliniuliza. Nikaulizwa. Nilisema sikumbuki vizuri. Hayo ndiyo maneno yangu, mwanangu, sikuongeza wala sikupunguza. Hayakuwa uongo mkubwa, na yalitosha. Uru ikaacha kumwita. Mwishowe akateremka Kahe, akawa kibarua wa kuchimba mifereji kwenye mashamba ya watu.

Mwaka mmoja nikawa silali vizuri. Nikamwendea baba mdogo, nikamwambia nimemkosea Mama Aloyce, nataka kumpelekea isale. Unalijua jani letu hilo: ukilipeleka kuomba msamaha, aliyekosewa hawezi kulikataa. Baba mdogo hakuniuliza kosa. Tulipofika akasema shikamoo kwa niaba yetu sote wawili, akamkabidhi jani.

Mama alilipokea kwa mkono wa kushoto kabla sijafungua mdomo.

"Nimeshapokea. Hukuja kunitazama hospitali, niliumia moyoni, ila nilijua unaona haya. Kaeni mnywe mbege."

Alidhani kosa langu ni hilo. Nilikuwa na sentensi nzima niliyoipanga njia nzima, na nikaona sasa haina kazi, nimeshasamehewa. Nikakaa. Nikanywa. Nikajisikia mwepesi kweli, na wepesi ule nauonea aibu mpaka leo kuliko waya.

Kisha nikateremka Kahe na jani la pili, peke yangu. Nilimkuta Severini kwenye mfereji, matope mpaka magotini. Hakupanda juu.

"Kwa mama ulishapeleka?"

"Nilipeleka. Alipokea."

"Ulimwambia nini?"

Nikaligeuza jani mkononi.

"Basi hilo lako sipokei," akasema. "Najua lilivyo, najua wazee watasemaje. Lakini msamaha wa mama umeuchukua, na lawama umeiacha kwa jina langu. Rudi ukamwambie, halafu uje."

Sijawahi kusikia mtu mwingine wa kwetu aliyekataa isale. Nilikasirika, nakiri. Njiani kurudi nilikuwa najiambia huyu amepoteza mila huko tambarare. Nikangoja hasira itulie, na nikangoja zaidi ya inavyotakiwa, miezi. Mama Aloyce akafa kwa homa ya mapafu kabla sijaenda kumwambia.

Baada ya mazishi nilimwita Aloyce pembeni, nikamweleza yote, waya, plastiki, kicheko cha kanisani. Alisikiliza mpaka mwisho, na siwezi kusema alinifanyia ubaya. Alisema, "Kaka, mama alikusamehe. Sasa unataka nifanye nini, nimfukue?" Akarudi kwa wageni. Niliyasema pia kwenye jumuiya yetu ya kanisa. Watu wakaitikia kwa vichwa, wengine wakanisifu unyenyekevu. Hata leo ukipita Uru ukitaja jina la Severini watakuambia, yule wa bomba. Nilimpelekea habari kwamba nimesema. Alijibu kupitia mtu kwamba amesikia. Hajaniita, wala sistahili kuitwa.

Basi mwanangu, shika haya. Waya wa ethi usiufunge kwenye bomba la maji, hata likiwa la chuma leo, kwa maana hujui nani atalibadilisha kesho. Nondo ikikutana na jiwe, hamia mahali pengine, chimba, siku mbili zipite, Krismasi ipite. Ukiingia nyumba ya zamani, fuata waya huo kwa macho mpaka uone unapoingia udongoni, usiamini kuta. Mtu akikuambia koki inamuuma, au hita, au mlango wa friji, usimpe kandambili. Zima mein swichi siku hiyohiyo, ndipo mzungumze. Fundi mwenzako akikuuliza swali kuhusu kazi yako, weka chini ulichobeba umjibu. Na ukikosea, taja kosa kwanza, lote, kwa jina lake, mbele ya walewale waliomsikia mwingine akilaumiwa. Msamaha uupokee baada ya hapo. Ukiupokea mapema utakuwa umemwibia mtu, na huenda usimpate tena wa kumrudishia.

Mungu akujalie mikono mizuri na ulimi usiochelewa. Kila nyumba utakayoiacha, mama wa nyumba hiyo afungue koki yake asubuhi, yatoke maji, na yasiwe na kitu kingine ndani yake.