Wakiuliza, Semeni Mnanijua

Katika avenyu yetu ya Bagira, mgeni akija kuuliza mtu kwa jina, jibu ni moja: hatumjui. Hakuna aliyetukalisha chini akatufundisha. Mtoto anayeanza tu kutumwa chumvi dukani tayari analijua. Anayekutafuta kwa wema atakuwa na namba yako ya simu, au atakuja na mtu wa kwenu. Anayesimama njiani akitaja jina lako lote, la ukoo na la ubatizo, huyo amelisoma mahali. Tumeona watu wakiitwa hivyo milangoni mwao, wakatoka na kandambili wakidhani ni neno la dakika mbili, na hawakurudi.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniponza.

Baba alikufa kwanza. Mama alimfuata kabla nguo zetu nyeusi hazijachuja. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Niliweka madaftari juu ya kabati nikashika biashara ya mama ya makala, mkaa wa kupikia: nanunua mfuko, nagawa kwenye mafungu, nauza mbele ya nyumba. Nyuma yangu alikuwepo mdogo wangu wa kike, na baada yake kitinda mimba, mvulana aliyekuwa bado analala amenishika nguo.

Siku ya kumaliza matanga ndugu ya baba alisimama. Yeye analima mpunga Luberizi, kule bondeni. Alisema mbele ya watu wote:

"Mutoto mwanaume anakuja na miye. Binti anaenda kwa shangazi yake Nyantende. Na weye iko mukubwa, utaolewa."

"Hapana, tonton," nikasema. "Mama aliniachia hawa wawili. Hakuniachia mmoja mmoja."

Watu waliguna. Si mtu mbaya, tonton. Alisema makala si kazi, makala ni kungoja njaa ukiwa umekaa. Nikipata kazi ya mshahara wa mwezi, yenye mkataba, watoto wabaki kwangu. Nikikosa, mpunga ukianza kushika punje atatuma mtu. Wakati huo ndege hushuka kwa makundi, na watoto wa huko hushinda shambani toka alfajiri wakipiga kelele na mabati kuwafukuza. Tangu siku ile nilikuwa nafuata habari za mpunga ambao sikuwa nauona.

Kazi ilitokea kwenye depo moja ya dawa mjini: kufagia, kupanga makartoni, kufuta vumbi kwenye rafu. Maman aliyeshughulika na wafanyakazi alinipokea bila maringo, lakini alinieleza mambo wazi.

"Humu ndani kuna vidonge vya maumivu vyenye vijana wa mjini wananunua kama bonbon," alisema. "Wanaotupatia dawa wametuwekea sharti. Kila anayeingia, tangu dereva mpaka mfagiaji, mkojo wake upimwe na maisha yake yaulizwe. Nikikuingiza bila vile viwili, njo miye natoka."

Karatasi ya kukubali ilikuwa ya Kifaransa. Alinisomea yote kwa Kiswahili, pole pole: kwamba napimwa kwa hiari yangu, kwamba majibu hayatatangazwa, kwamba wakinikataa lazima kwanza wanisikilize. Niliona anachelewa bure. Hilo la mwisho hata sikulitilia maanani.

Kwenye labo nilipewa kikopo na mlango ukaachwa wazi kidogo, ili nisije nikaingiza mkojo wa mtu mwingine. Nilikuwa nimekunywa maji tangu nyumbani, lakini woga ulifunga kila kitu. Muuguzi, mzee wa upara, alifungua bomba litiririke kando yangu, akaanza kuongea na ukuta.

"Kuna dawa umekunywa wiki hii?"

"Mubirizi, dokta." Ni majani machungu, kwetu hayakosekani nyuma ya nyumba.

"Mubirizi ya malaria ao ya kutafuta bwana?"

"Ya malaria!"

"Basi tunaandika malaria. Ile ingine kipimo yetu haiione."

Nilicheka, na kwa kucheka nikaweza. Majibu yalitoka masafi. Nilipanda Bagira nikiimba moyoni. Kilichobaki ni maisha yangu kuulizwa, na nani hanijui Bagira? Nimezaliwa pale. Nusu ya majiko ya avenyu yanawaka kwa makala yangu.

Maman wa depo aliponiita tena, hakunipa kiti.

"Mchunguzi wetu alifika kwenu," alisema. "Aliuliza mwanzo wa avenyu, akauliza mwisho wake. Aliuliza hata shefu wa avenyu. Wote wamesema mtu wa jina hili hayuko na hakukuwa hata siku moja. Faili yako iko na anwani ya uongo."

Nilidhani anatania. Halafu nikaona uso wake.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka nimesimama mbele ya shefu wa avenyu, kiongozi wetu wa mtaa, ambaye alibeba jeneza la baba yangu begani, na yeye anatabasamu.

"Papa shefu, ulisema haunijue?"

"Nilisema muzuri sana! Kijana na shati nyeupe, faili mu kwapa, anauliza jina yako muzima muzima. Nikamuambia avenyu hii haikukuwaka na mutu kama ule."

"Na miye nilimuonyesha njia ya Kadutu!" mke wake alipaza sauti toka jikoni. "Mpaka saa hii iko anazunguka!"

Walicheka wote wawili, wakaniangalia wakingoja shukrani. Nilikaa juu ya kizingiti chao nikalia hata nikashindwa kuwaeleza. Mke wa shefu alitoka na mikono ya unga, akanifuta machozi, akaniambia nisiogope, yule kijana hatarudi.

Wiki hiyo tonton alipiga simu. Mpunga umeanza kushika punje, alisema, mwaka huu umekuja mzuri. Sikumjibu kitu juu ya kazi. Usiku kucha mdogo wangu wa kiume alinipiga mateke usingizini, na kila teke lilinifurahisha.

Nilirudi depo bila kuitwa. Nilimwambia maman yule: "Ulinisomea kwamba mkinikataa lazima mnisikilize. Nimekuja kusikilizwa." Nikamweleza kwa nini watu wetu walijibu hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, bila kuandika.

"Najua," alisema. "Hata miye wakiniuliza kwetu watasema nilikufa. Lakini nitaandika nini hapa? Kwamba majirani wanamupenda, kwa hiyo walidanganya?" Aliweka kalamu chini. "Lete jirani mumoja, na kadi yake ya uchaguzi, aseme mbele yangu kwamba anakujua, na atie sahihi. Halafu mchunguzi atarudi kule kwenu kuhakikisha nyumba. Siku gani, sikuambie. Sheria haitaki."

Kwa hiyo nilikuwa na maombi mawili, na niliyapeleka mlango kwa mlango.

Ombi la sahihi lilikataliwa kila mahali. Walilikataa wakinipa kiti, wakinipa chai. "Jina yangu kwenye karatasi?" shefu alisema. "Leo ile karatasi iko kwa maman wa depo. Kesho itakuwa kwa nani?" Katika mji huu, siku hizi, wenye kuamuru wanabadilika, na karatasi zinabaki kwenye makabati. Ningekuwa yeye ningekataa vilevile.

Ombi la pili walilipokea. Niliwakusanya waliokubali kukusanyika, pale penye bomba, nikasema: "Akija mutu kuniuliza, tafazali, musiseme hamunijue. Semeni iko hapa, nyumba ni ile, anakaa na badogo yake. Muonyesheni na mulango."

"Mutu yeyote?" shefu aliuliza. Sauti yake haikuwa ya utani tena.

"Yeyote, papa. Sijue watatuma nani."

Alitikisa kichwa kama mtu anayeombwa avue nguo njiani. Lakini walikubali, na watoto nao waliambiwa.

Kwa sahihi ilibaki nyumba moja ambayo sikubisha: ile iliyo chini yetu kwenye mteremko. Mama mwenye nyumba ile anatengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, na hatukuwa tunasalimiana. Maji ya masahani yetu hushuka moja kwa moja nyuma ya jiko lake. Mama yangu aligombana naye, nami nikaurithi ugomvi pamoja na masufuria. Nilishuka kwake kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

"Maman, nasikia aibu, lakini nauliza. Unaweza kuja kusema kwamba unanijua?"

Aliacha kukamua ndizi. "Miye? Kukujua? Nakujua kupita ule aliyekuzaa! Kila asubui nanusa sombe yenye mulikula jana!"

"Basi kuja useme hivyo."

"Nitasema ukweli. Yote."

"Sema yote."

Asubuhi iliyofuata alivaa kitenge cha misa, akachukua kadi yake, tukashuka mjini, yeye mbele mimi nyuma. Wadogo zangu niliwaacha: mmoja shuleni, mdogo nyumbani, kwa sababu alikuwa na kikohozi. Kwenye ofisi alikataa kukaa.

"Unamujua huyu?" maman wa depo aliuliza.

"Namujua. Iko na kichwa nguvu. Anamwanga maji juu ya jiko yangu, na mama yake alimwanga mbele yake. Akiamka anaimba, na sauti haiko. Lakini kitu ya mutu hajagusa. Na pombe yangu, maman, ile yenye batu banatoka mbali kuitafuta, toka azaliwe hajaionja hata kidogo. Ile njo inaniuma sana. Unazania iko pombe mubaya?"

Maman wa depo alifunika mdomo kwa mkono. Alipoweza kuongea alisema: "Huyu shahidi namusadiki." Akageuza karatasi, na mama wa kasiksi akatia sahihi yake pole pole, ulimi nje, kisha akaitazama kama mama anavyomtazama mtoto anayemkabidhi kwa mtu mwingine.

"Ukiniona kesho, usianze kunisalimia," aliniambia njiani. "Maji bado inaanguka kwangu." Lakini tulipofika kwenye kilima alinishika mkono.

Niliwaona majirani kabla hawajaniona. Walikuwa wamesimama mlangoni petu, wengi, wamechangamka. Shefu alinijia mikono juu.

"Amekuja! Tumesema yote! Hatukuficha kitu!"

"Mchunguzi?"

"Kijana mupole sana. Akauliza jina yako, tukasema iko hapa, iko kwenye kazi. Akauliza badogo yako, tukamuonyesha mulango. Alisema iko wa famille, na mutoto mudogo alimujua, alimurukia. Miye mwenyewe nilibeba kamufuko ya manguo mpaka kwenye gari."

Aliyasema hayo yote kwa furaha. Furaha ilimtoka usoni kidogo kidogo, akinitazama. Mwishoni aliuliza, karibu kwa kunong'ona: "Haikuwa wa depo?"

Alikuwa mtoto mkubwa wa tonton. Avenyu nzima haikuwahi kumwona; sisi tulimjua kwa safari zetu za Luberizi, baba angali hai. Siku nyingine yoyote, kabla sijasimama pale penye bomba, wangemwambia hatuwajui watu hao, wangemwonyesha njia ya Kadutu, angezunguka mpaka mimi nirudi na habari ya sahihi mkononi.

Nilikimbia mpaka mahali magari ya bondeni yanapopakia. Gari lilikuwa limeondoka. Nilimpigia tonton nikipumua kama mwizi.

"Nimepata kazi, tonton. Leo. Nimepata."

"Iko na mkataba?"

"Mchunguzi atapita, halafu natia sahihi."

"Njo kusema bado," alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Ndege bameshuka, mwanangu. Sina mutu wa shamba. Tukivuna nitamurudisha."

Mchunguzi wa kweli alikuja wiki hiyo hiyo, na shati lake jeupe. Shefu alimwonyesha mlango wetu kwa kidole, akarudi ndani kwake. Nilitia sahihi. Sasa nafagia depo ya dawa, napanga makartoni, na kila mara wanaponiita kupimwa tena nakojoa bila kufunguliwa bomba. Mdogo wangu wa kike yuko nami, na Nyantende hakutajwa tena. Nikilala namsogeza karibu, lakini yeye ni mkubwa, hashiki nguo ya mtu.

Mpunga ule ulivunwa. Kabla mtoto hajarudishwa, barabara ya bondeni ikaanza kufungwa leo na kufunguliwa kesho, kwa bunduki za hawa au za wale, na mara nyingi simu ya tonton haipatikani. Ilipopatikana mara ya mwisho nilipewa mtoto niongee naye. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kelele za shambani. Aliniuliza kama kikohozi chake kingali kwangu. Alimaanisha dawa yake, chupa aliyoiacha dirishani. Nikamwambia ipo.

Avenyu imerudia jibu lake la zamani. Nilikwenda mwenyewe mlango kwa mlango kuwaomba, na niliona mabega yao yakishuka kwa nafuu. Mgeni akiuliza, hatujui jina hilo. Nikamwomba shefu kitu kimoja zaidi, na nakirudia kila nikikutana naye, naye hachoki kuitika. Mtoto yule anakua. Atakuwa amerefuka, amechomwa na jua la bonde, huenda wasimtambue. Huenda mwenyewe amesahau ni mlango upi, akasimama njiani akitaja jina langu lote, la ukoo na la ubatizo, kama watu wabaya wanavyofanya.

"Huyo, papa," namwambia. "Huyo mmoja, museme mnanijua."