Kugonga Tangi la Foromani

Siku yangu ya kwanza karakanani nilimwamkia foromani wetu kwa adabu zote. Alikuwa msimamizi wa mafundi katika shirika la umma lililosomba pamba mkoani Mwanza. Hakuitikia. Alinyoosha kidole kwenye kompresa, ile mashine inayobana upepo ndani ya tangi, tuliyoitumia kujaza matairi na kupulizia rangi.

"Na hilo tangi umeliamkia?"

Nilidhani ananitania. Kumbe kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, fundi alifungua koki ya chini ya tangi na kutoa maji. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu, na ikibanwa huacha maji yanayokula chuma kwa ndani. Kila Jumamosi upepo wote uliachiwa, kisha foromani aliligonga tangi kwa spana kutoka juu hadi chini. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu. "Tangi bovu ukilijaza upepo, umejiwekea bomu," alisema. Nilipokwisha kutoa maji ndipo aliponiitikia marahaba.

Miaka ya tisini ikaja na mageuzi yake. Shirika likapunguza wafanyakazi, na mimi na foromani tukatoka pamoja. Madukani kukajaa mashine ambazo zamani tulizisikia tu. Niliamua kufungua gereji uani kwangu Kiseke, na nilichokosa ni kompresa.

Vijana huniuliza nilichaguaje. Nyumbani umeme ni wa fezi moja, kwa hiyo mota kubwa za karakana, zinazotaka fezi tatu, nilizisahau. Kwa kupulizia rangi nilitaka tangi kubwa, maana dogo huishiwa upepo ukiwa katikati ya mlango wa gari, na rangi ikatoka madoa madoa. Lakini ua wangu ulikuwa mdogo, na mashine ingekaa jirani na jiko la mke wangu, Mama Kabula. Yeye aliniuliza jambo moja tu, "Haitatulipukia?" Nikamwambia haitalipuka. Nilienda mjini na ahadi hiyo kichwani.

Katika duka moja la mashine zilizotumika, kule Nyamagana, nilimkuta foromani mwenyewe ndiye muuzaji. Kiinua mgongo chake chote alikiweka pale. Nilifurahi kumwona, na moyo ukaniuma pia, kwa sababu duka lilikuwa kimya. Alikuwa na kompresa moja tu, ya fezi moja, tangi kubwa, rangi ya buluu mpya kabisa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Masalu. Iangalie vizuri."

Niliizunguka. Spana ilikuwa mfukoni, lakini mkono uligoma. Kumgongea foromani tangi dukani kwake niliona ni kumwita mwongo, na mzee yule nilimpenda.

"Imenifaa, Mzee. Naichukua."

Akautazama mfuko wangu wenye spana. "Mbona hujaligonga?"

Nikaitoa spana, nikasita.

"Gonga, Masalu. Tangu lifike mimi sijaligonga. Naogopa."

Nikagonga. Juu likalia vizuri. Chini, karibu na koki, sauti ikafa. Foromani akachukua bisibisi, akaisukuma pale pale. Rangi ikapasuka na ncha ikazama ndani.

"Ungeiweka wapi?" aliniuliza.

"Karibu na jiko."

Akakaa juu ya kreti la vipuri, akafunika uso kwa mikono yake. Nilimwonea huruma.

Mota na kichwa cha kompresa vilikuwa vizima, basi nikamwomba avilete Kiseke. Tangi jingine tulilipata kwa wauza vyuma chakavu. Tulilijaza maji, tukayabana kwa pampu ya mkono kulijaribu, halikuvuja. Duka lake halikudumu. Alihamia uani kwangu, tukafanya kazi pamoja hadi macho yake yalipochoka. Kila Jumamosi Mama Kabula alisonga ugali huku akisikia spana ikigonga, na hakuniuliza tena.

Sasa nami nimestaafu. Vijana wakija kuuliza kompresa ya gereji ya nyumbani, nawaeleza habari za fezi na ukubwa wa tangi, kisha nawaazima spana. Wapo wanaosita. "Mzee, muuzaji ni mtu wangu wa karibu, nitaanzaje kumgongea?"

Hapo huwasimulia habari za foromani. Angeweza kunyamaza, maana nilikwisha kusema naichukua, lakini ndiye aliyeniambia nigonge.