Hedifoni za Arubaini ya Ilarie

Kaka yangu Ilarie alifariki zabibu zikiwa zimeshavunwa na mvinyo mpya bado unachemka kwenye mapipa. Mungu ampumzishe. Watu wengi hapa mjini kwetu Calafat hawakujua anafanya kazi gani. Walimwona akienda posta amekumbatia boksi kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa, wakadhani anauza mayai.

Aliuza hedifoni. Si hizi za vijana, bali zile kubwa za mbao na ngozi, zilizotengenezwa Japani na Ujerumani miaka ambayo sisi tulikuwa tunapanga foleni ya mkate, tena zisizowahi kugusa sikio la mtu. Alizipata kwenye stoo za maduka yaliyofungwa, na kwenye makabati ya wajane wa mabaharia, ambako zilitunzwa kungoja siku njema. Ilarie alikunywa kahawa ya hao wajane, akasikiliza habari za waume zao mpaka mwisho, ndipo akauliza kama wangependa kuuza. Kisha alizipiga picha juu ya shuka jeupe karibu na dirisha na kuziweka mtandaoni, wakusanyaji wazione.

Mkusanyaji anataka boksi ambalo utepe wake wa kiwandani haujakatwa. Ukiukata, thamani inaporomoka. Kwa hiyo kaka yangu aliuza sauti ambazo hakuwahi kuzisikia, na wengi walionunua hawakuzisikia pia. Waliziweka rafuni wakawa wanazitazama. Yeye mwenyewe alisikilizia nyimbo za kanisa kwenye hedifoni kuukuu alizozifunga kwa gundi na plasta. Mama alimtania kwamba anauza vyungu kwa watu wasiopika. Ilarie alimbusu mkono na kumjibu kwamba chungu kisichopikiwa hakiunguzi mtu.

Moyo wake ulisimama akiwa anakunja shuka lile. Kati ya hedifoni za kuuza ilibaki jozi moja tu ndani ya nyumba, za Kijapani, zikiwa kwenye boksi lao na utepe wake. Alikuwa ameshaziahidi kwa daktari wa meno wa mji wa Craiova, Lucian Vătafu, ambaye alizitafuta tangu ujana wake.

Kwetu roho huagwa siku ya arubaini. Kitu unachompa mtu siku hiyo kwa jina la marehemu, pamoja na mshumaa unaowaka, marehemu anakipata huko aliko. Ndiyo maana tunatoa kitanda, sahani, viatu. Lazima kiwe kipya, hakilipiwi hata senti, na anayekipokea sharti akitumie, kwa sababu kisichotumika hapa hakimfikii mtu kule.

Mama alikubali kitanda na viatu. Kisha akasema anataka na hedifoni. Nilimwambia zile za plasta zipo.

“Nimpelekee mwanangu mbovu?” akasema. “Alilala na nyimbo masikioni tangu mtoto. Sasa akae kimya huko milele, eti kwa sababu ya daktari wa meno?”

Tangu mazishi Mama alikuwa hali chakula cha maana wala halali vizuri, na nilielewa kwamba hatatulia mpaka hilo lifanyike. Lakini neno la kaka yangu nalo lilikuwa neno. Nilikwenda kwa Padri Visarion, naye akaniambia nisimfiche mtu jambo lake. Nikampigia daktari simu, nikamweleza yote. Aliuliza tu ibada inaanza saa ngapi.

Alikuja na koti zuri, akasimama nasi kaburini, kisha nyumbani kwetu akala ngano tamu ya marehemu pamoja na majirani. Mama alipomwona akaniambia kwamba basi apewe yeye, ndiye aliyechaguliwa na Ilarie. Akaufunga mshumaa na taulo jipya kwenye boksi, akauwasha, akampa.

“Pokea, kijana wangu, kwa ajili ya roho ya Ilarie.”

“Mungu apokee,” daktari akajibu, na macho yake yakalowa. Mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta bahasha. Mama akauzuia.

“Sasa fungua.”

Hapo nikaona kwamba hakuwa amewaza hilo. Alidhani ataondoka na boksi kama lilivyo. Aliuzima mshumaa, akauweka pembeni, akapitisha kidole juu ya utepe.

“Mama, zimebaki chache sana duniani zilizo hivi.”

“Ilarie alikuwa mmoja,” Mama akasema.

Nilimnong'oneza daktari kwamba anaweza kuzirudisha bila lawama, tutampa mtu mwingine. Jirani yetu Tudora ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

“Ng'oa tu, daktari. Umeshang'oa vigumu kuliko hicho, tena wenyewe wakilia.”

Akacheka kidogo, akaomba kisu.

Harufu ya mbao ikatoka, kisha daktari alipoinua hedifoni, sponji za masikioni zikamwagika juu ya kitambaa cha meza kama masizi. Zilikuwa zimeoza humo humo ndani, hakuna aliyezigusa. Mama akashika kifua. Akauliza kama amempa mwanawe kitu kilichokufa. Daktari alimwambia sponji si kitu, atatia mpya wiki hii, sauti haikai kwenye sponji. Lakini nilimwona amekunja uso. Akaziunganisha kwenye mashine ya nyimbo ya Ilarie iliyokuwa dirishani, akazivaa hivyo hivyo.

Mama alisimama mbele yake akimtazama usoni, kama tunavyomtazama mtu anayetoka chumba cha upasuaji. Sisi hatukusikia chochote. Daktari alifumba macho. Baadaye midomo yake ikaanza kufuata maneno ya wimbo, bila yeye kujua, na Mama akaufahamu ni wimbo gani, wa Pasaka.

Akamgusa bega. Daktari akainua upande mmoja.

“Anasikia?” Mama akauliza.

Hakuuliza nani. “Anasikia, mama. Tena vizuri sana.”

Alitaka kuzivua, Mama akamkataza, akamwambia aache wimbo uishe. Kisha akavuta kiti, akaketi mezani, akaniambia nimpakulie maharage, na mkate pia, kwa sababu ana njaa.