Vyuo vya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipomaliza kidato cha nne, matokeo yake hayakuwa mabaya, ila fizikia alikuwa ameanguka. Jambo hilo nililisema nyumbani kwetu Dongobesh mpaka nikachoka, na hakuna aliyetaka kulisikia. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Nangwa, na ndimi mtoto wa kwanza, kwa hiyo baba aliona kutafuta chuo ni kazi yangu. Kuamua kulibaki kwake.

Mdogo wangu alitaka utabibu, tena alitaka Dar es Salaam. Vyuo alivyonitajia vilikuwa vilevile walivyovitaja rafiki zake, na vyote vilidai fizikia. Nikimweleza, anauliza kama hawawezi kumfikiria. Baba naye aliamini serikali italipa kila kitu, kwa sababu zamani baba mdogo alisomeshwa hivyo, hata tiketi ya treni akapewa. Nikamwambia siku hizi mzazi anachangia. Akaniuliza nani kabadilisha, kana kwamba ni mimi.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya wakati huo, na mjini Babati mabango ya vyuo vya watu binafsi yalizidi kuongezeka. Jumapili moja mtu alikuja kanisani kwetu na vipeperushi vyenye picha ya wasichana waliovaa makoti meupe mbele ya ghorofa. Chuo chake hakikujali fizikia. Baba alirudi nyumbani ameshaahidi kuuza madume yake ya kulimia. Tulibishana hadi chakula kikapoa. Mwisho nikamwomba jambo moja tu: twende tukakione kwanza, kama yeye anavyomkagua ng'ombe mnadani kabla ya kutoa hela.

Tulienda wote watatu. Ghorofa hatukuiona. Tulikuta vyumba vya kupanga nyuma ya ghala la mbao, na mlango ulioandikwa "Maabara" ulikuwa na kufuli. Aliyetupokea alisema mwenye ufunguo amesafiri. Wasichana wawili waliokuwa wamekaa kivulini walimwamkia baba shikamoo. Akaitikia, akawauliza huwa wanafundishwa nini mle ndani.

Wakatazamana. "Bado hatujaingia, baba," mmoja akasema.

Basi lilipokaribia nyumbani, baba alinigeukia. Nilidhani sasa atakubali kwamba nilikuwa sahihi.

"Wewe ni mwalimu," akaniambia. "Ulitakiwa kuyajua haya mapema."

Niligeukia dirisha nisije nikamjibu mzazi wangu vibaya.

Kesho yake tulikaa mezani, mimi na mdogo wangu, tukaanza upya. Vyuo vya serikali tu, vyenye kupokea matokeo aliyonayo, na ada tunayoweza kuilipa kwa vitunguu swaumu vya shambani kwetu bila kugusa madume. Uuguzi tukauweka kwanza, halafu ualimu, ingawa alisema amenitazama mimi na ualimu haumvutii. Nikameza hilo pia. Nilipotaja chuo cha mifugo, akaanza kulia.

"Dada, nimesoma miaka yote hii ili nirudi kwenye ng'ombe?"

"Hao ng'ombe ndio waliokusomesha," nikamwambia. "Andika."

Akaandika, kwa mwandiko mbaya makusudi.

Uuguzi hawakumchukua. Ualimu walichelewa kujibu. Mifugo wakamwita, akaenda amenuna, na kwa muda mrefu salamu zake zilimfikia mama tu. Alirudi likizo ya kwanza akamkuta ndama wetu anaharisha. Alimwangalia macho na ufizi, akamtengenezea maji ya chumvi na sukari, kisha akamgombeza baba kwa kulaza ndama na ng'ombe wakubwa kwenye zizi lenye tope. Baba, ambaye sijawahi kumwona akigombezwa na mtu, alichukua jembe akaenda kutenga sehemu ya ndama.

Aliporudi alinawa mikono, akaniambia kwa furaha kabisa kwamba yeye alijua tangu mwanzo mifugo ingemfaa huyu mtoto.

Nikatoka kwenda kuchanja kuni.