Leipzig Niliyowafundisha Wanafunzi wa Laurel

Siku ya kwanza kazini nilifika ofisini Laurel, mji mdogo karibu na Washington, kabla mlango haujafunguliwa, nikasimama nje na baridi yangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Ofisi ile iliwaandaa wanafunzi wa vyuo waliokuwa wakienda kuutembelea mji wa Leipzig, Ujerumani. Kazi yangu ilikuwa kuendesha maelekezo, yaani kikao cha kuwaeleza mila na vivutio vya mji kabla hawajapanda ndege. Walinichukua kwa sababu moja tu: ujanani nilitoka Unguja nikaenda kusomea uchapaji huko, enzi za Ujerumani Mashariki.

Msimamizi wetu, Mkenya aitwaye Bwana Kamau, alinipa muda wa majaribio. "Mama, wewe umeishi huko," akasema. "Waambie tu vile kuko."

Nikawaambia. Stesheni kuu ina moshi wa makaa, shikeni leso. Mkiona foleni, ingieni kwanza, kinachouzwa mtauliza baadaye. Na mkahawani msijikalie ovyo hata meza zikiwa tupu. Simameni mlangoni mpaka mhudumu awapangie kiti, la sivyo mtaonekana hamna adabu. Vijana waliandika kila neno, nami nikajiona ndiye hasa.

Kisha zikaja slaidi mpya, zile picha ndogo za kuangazwa ukutani. Niliwasha projekta mbele ya darasa, nikaona stesheni inang'aa, na maduka ghorofa kwa ghorofa. Nilidhani tumeletewa mji mwingine. Nikautafuta uwanja niliokuwa nikiupita kila asubuhi, umebadilishwa jina.

Neema, mwanafunzi wa Kitanzania, akauliza kwa upole, "Auntie, sasa tufuate ipi, hiyo ya kwenye picha au ya kwako?"

Nikazima mashine.

Bwana Kamau akaniita. "Mama, students wanasema unawaconfuse. Ikiendelea hivi, itabidi nitafute mtu mwingine."

Kazi niliihitaji, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mimi nilianza kushuku kama niliwahi kuishi huko. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, nami sikuwapo.

Kikao kilichofuata alialikwa binti wa Leipzig yenyewe, aliyekuwa akisoma Washington. Nikamwachia azungumze. Mwishoni nikamuuliza, kwa woga, kama watu bado husubiri mlangoni mwa mkahawa.

"Hakuna anayesubiri siku hizi," akasema. "Ila bibi yangu. Husimama pale mpaka aitwe, na sisi tunamcheka."

Darasa lote likacheka. Mimi machozi yalinilengalenga kwa furaha, maana nilikuwa nimepata shahidi.

Bwana Kamau naye alisikia. Kwa kuwa wanafunzi wengi wakifika Leipzig walikuwa wakilala kwa wenyeji wazee, alinibakiza niwafundishe kukaa na wazee hao. Vivutio akapewa mwingine. Kazi hiyo niliifanya Laurel, baadaye mji jirani wa Columbia, hadi nikastaafu.

Leipzig sijarudi. Lakini juzijuzi nilikwenda Unguja, nikamuuliza mwanamke mmoja wa dukani njia ya kwenda mtaa nilikozaliwa. Nilipoutaja kwa jina nililolijua, alinitazama kwa huruma.

"Bi mkubwa, wewe mgeni hapa?"

Nikamwambia ndiyo, mwanangu, mimi mgeni. Nieleze.