Tulivyomtafuta Bukari

Moshi wa kuni mbichi za msonobari una harufu inayonata kwenye sweta, na nikiisikia tu narudi Igowole, msimu ule wa ukungu nilipokuwa na miaka tisa. Mama mmoja aliyekimbia vita Kongo alifikia nyumba ya wageni ya usharika wetu, akiwa na binti yake wa miaka mitano, Esperansi. Siku ya pili mama akazidiwa na homa, akalazwa hospitali hajitambui, na mtoto akaletwa kwetu, kwa kuwa mama yangu alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa usharika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli tulipona: watu walileta mchele, mayai, maandazi, hata soda. Esperansi hakugusa kitu. Tulimmalizia sisi, kwa huzuni.

Siku tatu alilia jambo moja tu. "Miye nataka Bukari." Mama alipomuuliza Bukari yuko wapi, alijibu kwa sauti ndogo kwamba alibaki kwao. Basi akina mama wakakata shauri kuwa huyo ni Bakari, baba yake, aliyepotea vitani. Jumapili tangazo likatolewa kanisani, na sala ya kumwombea Bakari ikawa ndefu kuliko mahubiri. Kesho yake akaletwa Bakari pekee tuliyemjua, fundi cherehani wa sokoni, amevaa koti lake la harusi. Hakuwahi kufika hata Mbeya, lakini alisema mtoto akimtambua hatamkana. Esperansi alimtazama, akazidi kulia. Fundi naye yakamtoka machozi.

Mimi nilikuwa nimechoshwa na wali wa watu, nimejificha mlangoni na kiporo cha ugali, chakula ambacho mama aliona aibu kumpa mgeni. Esperansi akanyamaza. Akanifuata, akamega tonge kubwa kuliko kiganja chake.

"Bukari," akaniambia, kama anayemfundisha mjinga.

Mama aliketi chini palepale, kanga mdomoni. Mgonjwa alipotoka hospitali na kusimuliwa, alicheka mpaka akashika mbavu. Hatukuwa tumewahi kumsikia akicheka.

Siku hizi kazi yangu ni kuandikisha wakimbizi. Tuna wakalimani, tuna fomu zinazouliza jina, umri na mtu alikotoka, na mambo huenda haraka. Hakuna panapouliza mtoto anakula nini. Huwa naandika pembeni kwa kalamu, na kila mwezi mkuu wangu ananiuliza kwa nini nachafua karatasi za ofisi.